Mke wangu ananisomea hadi usiku wa manane. Je, nikiomba muda wa ziada nitakuwa najipendelea?

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nimeajiriwa, na tangu mwaka jana nasoma shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao. Nina ugonjwa wa retina uitwao Stargardt. Unakula uoni wa katikati na kuacha ule wa pembeni. Kwa hiyo natembea bila fimbo, napanda ngazi vizuri, na anayekutana nami njiani hawezi kujua. Shida inaanza mbele ya maandishi. Nikilikazia macho neno, linapotea. Ili nilione lazima nitazame pembeni yake kidogo, tena likiwa limekuzwa mara tatu au nne. Macho yakichoka nawasha programu ya kusoma skrini inisomee kwa sauti.

Nilichagua kusoma mtandaoni makusudi. Nilijiambia kwamba nikiwa nyumbani, kwenye kompyuta yangu mwenyewe, hakuna atakayejua na hakuna nitakayemsumbua. Nilikosea.

Kila wiki tunapewa makala tatu za kusoma, kila moja kama kurasa 25. Nyingi zimeskaniwa kutoka vitabuni, na programu yangu ikizifungua inaniambia ukurasa hauna kitu. Niliomba maktaba ya chuo inipatie nakala zinazosomeka, nikajibiwa kwamba hakimiliki hairuhusu. Basi mke wangu ndiye anayenisomea. Watoto wakishalala anakaa kando yangu na kusoma kwa sauti mambo ambayo hayamhusu kabisa, mpaka saa sita za usiku, na saa kumi na moja alfajiri anaamka kwenda kazini. Hajawahi kulalamika. Ila wiki iliyopita alisinzia katikati ya sentensi, nami nikashindwa kumwamsha.

Katika somo moja tuna majaribio mafupi ya dakika 40. Nilimpigia mhadhiri simu, nikamweleza, akakubali kunipa dakika 60. Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri. La pili lilijifunga lenyewe dakika ya 40, nikiwa nimebakiza maswali saba. Nilipompigia tena alisema alisahau, lakini alama zimeshaingia, na kwamba wenzangu wakijua watasema ananipendelea.

Sasa kuna mtihani wa mwisho, umebakiza wiki tano. Utasimamiwa na programu inayotumia kamera. Katika zoezi la kujaribu mfumo ilinipa onyo kila mara kwamba natazama pembeni. Ilikataa pia kikuzaji changu cha maandishi, na masharti yanasema visikilizi vya masikioni haviruhusiwi.

Sijaandika kwa chuo rasmi. Darasani mwetu kuna mfanyakazi mwenzangu, na sitaki ofisini wajue. Halafu, Mama, kuna kitu kinaniuma zaidi: nikipewa dakika ambazo wengine hawakupewa, je, shahada hiyo itakuwa yangu kweli? Fomu ya kuacha masomo nimeshaijaza. Bado kuituma tu.

Mwanafunzi wa Usiku

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwa mkeo. Hebu tupige hesabu. Makala tatu za kurasa 25 ni kurasa 75. Kusoma ukurasa wa kitaaluma kwa sauti, taratibu, mtu aelewe, ni dakika tatu hivi. Hizo ni karibu saa nne kila wiki, muhula mzima, za mtu ambaye hakujiandikisha, hatapata cheti, na chuo hakijui hata kama yupo. Kazi anayoifanya ni ya chuo. Chuo ndicho kilichochagua makala zile, kikaziskani kama picha, kikazipakia, kikakupangia tarehe. Wewe umekuwa ukijiambia kwamba humsumbui mtu, kumbe mzigo haukupotea, umeuhamishia kitandani kwenu.

Nakuambia hivyo kwa sababu ndipo penye jibu la swali lako zito, lile la kama shahada itakuwa yako. Fikiria jaribio la dakika 40. Mwenzako anafungua swali, macho yanapita juu ya mistari mitano kwa sekunde kadhaa, kisha muda wote uliobaki anafikiri. Wewe unakuza, unasogeza skrini kulia, unasogeza kushoto, unapoteza mstari, unautafuta upya, unasahau swali lilianzaje, unarudi mwanzo. Mnapoanza kufikiri, yeye ana dakika 35 mkononi na wewe una 15. Dakika zako za nyongeza zinakwenda kulipia ile safari ya kuufikia mstari. Kwenye kufikiri mnakuwa sawa, au wewe bado uko nyuma kidogo. Kama somo lingekuwa linapima kasi ya kusoma yenyewe, ningekuwa na neno jingine. Somo lako linapima uelewa. Hata siku moja hakuna mwalimu aliyeandika kwenye mtaala wa uzamili kwamba mhitimu awe na retina nzima.

Na hili si wazo langu tu. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu Desemba 2006, ukaanza kutumika Mei 2008, na nchi nyingi sana duniani zimeuridhia. Ibara ya 24 inahusu elimu, na inataja waziwazi elimu ya juu na mafunzo ya watu wazima: mtu mwenye ulemavu aifikie bila kubaguliwa na kwa usawa na wengine, na kwa ajili hiyo afanyiwe marekebisho stahiki. Ibara ya 2 inaeleza marekebisho hayo ni nini: mabadiliko yanayohitajika katika hali ya mtu fulani, yasiyomtwisha anayeyatoa mzigo uliopita kiasi. Kisha ibara hiyohiyo inasema jambo ambalo wahadhiri wengi hawajalisikia, kwamba kunyima marekebisho hayo ni aina ya ubaguzi. Soma pia sheria ya watu wenye ulemavu ya nchi kilipo chuo chako, maana ndiyo itakayokupa njia ya kudai. Ila roho ya jambo ni hiyo.

Nina sababu ya kukazania hili. Nilifundisha elimu ya masafa kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua. Mwaka mmoja mwanafunzi kiziwi aliniandikia akiomba mihadhara yangu ya video iwekewe manukuu, au angalau nimtumie maandishi ya nilichosema. Nilimjibu kwa upole kabisa. Nikamwambia ajitahidi kufuata slaidi, kwamba karibu kila kitu kimo. Hakikuwemo, na mimi nilijua, kwa sababu slaidi zangu zilikuwa vichwa vya habari tu na somo lenyewe lilikuwa mdomoni mwangu. Aliondoka kabla mwaka haujaisha. Sikuwa na chuki naye hata kidogo. Niliona ananiomba hisani, na hisani ukiwa na nafasi unaitoa, ukibanwa unamwambia mwenzio avumilie. Mhadhiri wako naye yuko palepale nilipokuwa mimi. Alikupa dakika 20 kwa wema wake, akazisahau kwa sababu wema hauandikwi kwenye kalenda, na sasa anaogopa wenzako watauonaje wema huo.

Basi tulitoe jambo hili kwenye wema wa mtu mmoja, tuliweke kwenye utaratibu wa chuo. Hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii.

Tafuta ofisi inayoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu au wenye mahitaji maalumu. Jina hutofautiana. Mahali pengine iko chini ya mlezi wa wanafunzi, mahali pengine kuna mratibu mmoja tu mwenye kazi nyingine kumi. Usipoiona kwenye tovuti, mwandikie mratibu wa programu umuulize nani anahusika. Usisubiri wakutafute. Shuleni mwalimu alikuwa anamwona mtoto anayesogeza daftari puani na kumwita mzazi, lakini katika elimu ya juu kwa kawaida mwanafunzi ndiye anayeanza, na mtandaoni hata huyo mwalimu wa kukuona hayupo. Wewe kwao ni jina na picha ndogo pembeni mwa skrini.

Barua yenyewe iwe fupi, na ieleze kikwazo kuliko ugonjwa. Wengi hukosea hapa. Wanaandika kurasa mbili za historia ya macho yao, lini yalianza, hospitali gani, walivyolia, na ofisa akimaliza kusoma ana huruma tele lakini hajui afanye nini. Andika mfano wa hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika programu ya mtandaoni. Nina uoni hafifu wa kudumu, na ninasoma kwa kukuza maandishi na kwa programu inayosoma skrini kwa sauti. Makala za kila wiki zinakuja kama picha zilizoskaniwa, ambazo programu yangu haiwezi kuzisoma. Muda mwingi wa majaribio unaishia katika kutafuta mistari. Mfumo wa mtihani wa kamera unazuia kikuzaji changu, na unachukulia namna ninavyotazama kuwa udanganyifu. Naomba makala katika faili zenye maandishi yanayosomeka, nyongeza ya nusu ya muda katika majaribio na mitihani yote, na utaratibu mwingine wa kusimamiwa mtihani wa mwisho, ambao uko baada ya wiki tano. Naomba kufahamishwa ni nyaraka gani zinahitajika na lini nitegemee jibu."

Umeona? Jina la ugonjwa halimo. Kila kikwazo kina ombi lake, na kuna tarehe. Ofisi inaweza kukutaka ripoti ya daktari, na hilo ni la kawaida. Lakini daktari wako umwambie ripoti ni ya nini. Ukimwacha aandike kama anavyoandikia daktari mwenzake, utapata karatasi yenye jina la Kilatini na vipimo viwili. Mwombe aeleze unavyosoma: kwamba huoni katikati, kwamba unatazama pembeni ili uone, kwamba kusoma kwako ni kwa polepole na kunachosha, na kwamba hali haitarajiwi kupata nafuu. Lile la kutazama pembeni aliandike kwa herufi zote, tutalihitaji muda si mrefu.

Na siri yako? Kwa utaratibu unaofuatwa na vyuo vingi, ripoti inabaki kwenye ofisi ile. Mhadhiri anapelekewa barua inayosema tu mwanafunzi huyu apewe nini. Hana haki ya kukuuliza una ugonjwa gani, na akikuuliza unaweza kumjibu kwa adabu kwamba ofisi inazo nyaraka zote. Wanafunzi wenzako hawaoni lolote, kwa kuwa muda wa ziada unawekwa kwenye akaunti yako peke yako. Mfanyakazi mwenzako ataona jaribio la dakika 40 kama wengine wote. Katika barua yako ongeza sentensi moja ya kuomba kwamba jambo hili lisizungumzwe kwenye kikao cha darasa wala kwenye kundi la ujumbe. Mara nyingi siri za namna hii hutoka kwa mhadhiri mwema anayesema mbele ya wote, "fulani, wewe muda wako nimeuongeza."

Tuje kwenye jaribio la pili. Nadhani najua lilivyoharibika, na ukijua utapunguza uchungu. Katika mifumo mingi ya kufundishia mtandaoni, Moodle ikiwa mfano mmoja, muda wa ziada wa mwanafunzi huwekwa ndani ya jaribio husika. Mhadhiri akitengeneza jaribio jipya inabidi aingie tena na kuuweka upya. Jaribio la kwanza aliweka. La pili alilitengeneza, pengine usiku akiwa amechoka, akalifungua kwa darasa zima. Kwa hiyo barua rasmi ya ofisi ikishatoka, mwombe mhadhiri aweke nyongeza kwenye majaribio yote yaliyobaki kwa mkupuo mmoja. Kisha wewe, kila jaribio linapofunguliwa, soma ukurasa wa mbele kabla ya kubonyeza kuanza. Muda unaoruhusiwa kwa kawaida umeandikwa pale. Ukiona 40, usianze. Piga picha ya skrini, mwandikie, ngoja. Ukishabonyeza, saa inakwenda na hoja yako inadhoofika.

Kwa hilo lililopita, usipige simu tena. Simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Mwandikie barua pepe yenye tarehe: kwamba siku fulani tulizungumza ukakubali dakika 60, jaribio la kwanza likawa hivyo, la pili likafungwa dakika ya 40 nikiwa na maswali saba, na ukanieleza kwamba ulisahau. Omba mojawapo ya mambo mawili: ufanye jaribio jingine la mada ileile kwa muda mliokubaliana, au alama ya jaribio lile isihesabiwe. Nakala ipeleke kwa ofisi. Niseme ukweli, marekebisho kwa kawaida hayarudi nyuma, na mwanafunzi anayeomba muhula ukiwa umeisha huambiwa amechelewa. Wewe hali yako ni bora kidogo kwa sababu mhadhiri alikuwa ameshakubali na jaribio la kwanza ni ushahidi, dakika 60 zimo kwenye kumbukumbu za mfumo. Lakini kama angekataa, ningekushauri usitumie nguvu zako zote kwenye maswali saba. Mtihani wa mwisho ni mkubwa zaidi.

Sasa makala, maana nataka mkeo alale.

Fungua moja ya zile faili, ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likichagulika, kuna maandishi ndani. Ukurasa mzima ukigeuka kivuli kimoja, au hakuna kinachochagulika, hiyo ni picha, na kwa programu yako picha ya maneno haina tofauti na picha ya mlima. Hiyo ndiyo sababu inakuambia hakuna kitu. Dawa ya haraka ni programu ya kutambua herufi, inayoipitia picha na kuigeuza maandishi. Kama unatumia Windows na bado hujaijua NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, ipakue leo. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh, vijana wawili wa Australia wasioona waliochoshwa na kuona wenzao wakishindwa kumudu bei za programu za namna hii. Kwenye Windows 10 na zinazofuata ina njia yake ya kutambua herufi kwenye picha iliyo mbele yako. Itakusaidia usiku wa dharura. Lakini ikikutana na safu mbili, jedwali au tanbihi, inachanganya maneno, na makala ya uzamili yamejaa vitu hivyo hivyo. Usikubali chuo kikuambie kwamba kwa kuwa programu ipo, kazi yao imeisha.

Waambie jambo jepesi zaidi. Makala nyingi za majarida zipo kwenye hifadhidata za maktaba zikiwa na maandishi yake halisi. Ile iliyoskaniwa mara nyingi ni nakala ya zamani ambayo mhadhiri amekuwa akiipakia kila mwaka tangu alipoipata. Mkutubi akipewa orodha anaweza kuzipata zile halisi bila kugusa skana. Kwa hiyo omba orodha ya makala za muhula wote mapema, si za wiki moja moja. Mkutubi aliyepewa wiki tatu ni mtu tofauti kabisa na mkutubi aliyepewa siku mbili.

Zile za vitabuni ndizo ulizojibiwa habari ya hakimiliki. Aliyekujibu huenda hana habari ya Mkataba wa Marrakesh. Ulipitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, na umetungwa kwa ajili ya hali kama yako: watu wasioona, wenye uoni hafifu, na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Nchi zilizojiunga zinatakiwa kuwa na kifungu katika sheria zao za hakimiliki kinachoruhusu nakala zinazofikika kutengenezwa kwa ajili ya watu hao bila kumwomba ruhusa mwenye haki, na taasisi zinazotambuliwa zinaweza kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Ulizia kama nchi kilipo chuo imejiunga. Ikiwa imejiunga, mwandikie mkutubi mkuu ukiutaja mkataba kwa jina, umwulize chuo kinautumiaje. Uliza kwa heshima, kama mtu anayemletea habari. Wakutubi ninaowajua hupenda sana kugundua kwamba sheria inawaruhusu kumsaidia msomaji.

Kwa vipindi vya moja kwa moja sitasema mengi. Omba slaidi siku moja kabla, uzifungue kwako na kuzikuza utakavyo. Na mhadhiri akisema "kama mnavyoona hapa," una haki ya kuomba aseme kilichopo hapo. Usishangae wengine wakikushukuru, hasa wanaofuatilia kwa simu ndogo.

Mtihani wa kamera ndio unaonitia wasiwasi, na ndio ungeanza nao asubuhi ya kesho.

Programu zile hazijui wewe ni nani. Zimefundishwa kwamba mtu anayefanya mtihani kwa uaminifu anatazama skrini, na kwamba macho yanayokwenda pembeni yana karatasi huko pembeni. Hazikuwekewa mtu ambaye akitazama pembeni ndipo anasoma. Kwa hiyo ile ripoti ya daktari inayoeleza utazamaji wako inatakiwa iwe imefika kabla ya mtihani, pamoja na maelezo kwenye faili lako kwamba onyo la macho lisihesabiwe. Ikija baada ya tuhuma itasomwa kama utetezi. Kabla ya tuhuma ni taarifa tu. Tofauti yake nimeishuhudia kwenye vikao vya nidhamu, na sitaki ukae kwenye kiti kile.

Omba kwa maandishi ruhusa ya mambo matatu: kikuzaji chako kifanye kazi ndani ya mfumo wa mtihani, visikilizi viruhusiwe kwa ajili ya sauti ya programu yako, na msimamizi awe binadamu aliyepewa taarifa, anayekuona kupitia kamera moja kwa moja. Visikilizi wanavikataa wakiogopa mtu kuongeleshwa na mwingine. Wewe jitolee kuonyesha kifaa kabla ya kuanza, au kutumia spika ya kompyuta ukiwa peke yako chumbani, msimamizi asikie unachosikia. Kisha omba mtihani wa majaribio, kwenye kompyuta yako ileile, kwa mpangilio uleule wa siku yenyewe, angalau siku kumi kabla. Mafundi wakikuambia kwamba kivinjari cha mtihani hakiwezi kuruhusu programu nyingine, hapo ombi linabadilika: upewe namna nyingine ya kupimwa yenye uzito sawa. Unaweza kuhojiwa kwa mdomo kwa video, ukapewa mtihani uleule kwenye faili la kawaida mbele ya msimamizi, au ukapewa kazi ya kuandika kwa siku mbili. Chuo kina uhuru wa kuchagua namna, na kinaweza kukataa moja uliyoipenda. Kusema hapana na kunyamaza, huo uhuru hakina.

Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na uulize ngazi inayofuata ya rufaa. Mara nyingi kuuliza huko kwenyewe kunawafanya wafikirie tena.

Umesema hukuandika rasmi kwa sababu hutaki ofisini wajue. Nakuelewa, mwanangu, na kwa macho yanayokuruhusu kutembea bila fimbo kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa kuwa unaweza kujificha. Lakini mbele yako bado kuna tasnifu, na msimamizi atakayekurudishia kurasa zenye maoni pembeni kwa herufi ndogo, na siku ya kuitetea mbele ya jopo. Huko hakuna kujificha miezi kumi na minane. Barua ya ofisi ukiipata sasa itakufuata hadi huko, na kila muhula utakuwa unaihuisha tu badala ya kuanza upya kumweleza kila mhadhiri.

Fomu ya kuacha usiitume. Kama wiki hizi tano zitaonekana nzito kweli, uliza kwanza kuhusu kupunguza idadi ya masomo muhula ujao, au kuahirisha mtihani wa somo moja hadi utaratibu ukamilike. Uulize pia muda wa juu wa kumaliza shahada ni miaka mingapi na kama unaongezwa kwa sababu za ulemavu, kwa maana mwanafunzi anayesoma masomo machache kwa muhula anaweza kugonga ukomo huo bila kutarajia. Kuahirisha kuna njia ya kurudi. Kuacha, katika vyuo vingi, maana yake ni kuomba udahili upya.

Leo usiku kaa na mkeo, lakini msisome makala. Msomee barua utakayoipeleka ofisini, akusaidie kuona kama umesahau kikwazo chochote. Amekuwa akivisoma vyote kwa sauti mwaka mzima, anavijua kuliko wewe. Muitume mkiwa pamoja kabla hajalala, na ya mhadhiri ifuate asubuhi.